Audra McDonald na Kazi ya Kulia

Nikilia jukwaani, watu hunyamaza. Nimelijua hilo tangu kidato cha pili, enzi za tamasha za drama, na kila mwelekezi niliyefanya naye kazi tangu hapo ameligundua ndani ya wiki moja. Miaka miwili sasa kikundi chetu kinazunguka shule na Bembea ya Maisha, na miaka miwili mimi ni Sara. Sara ni mama, Sara ni mgonjwa, Sara amevumilia ya ndoa na ya wanakijiji. Bwalo zima la wanafunzi linapiga kelele kama soko la jioni, lakini nikianza kukohoa na sauti ikakatika katikati ya neno, kimya. Mwelekezi husimama kando akitabasamu. Siku moja nilimwambia nimechoka kuugua, anipe kitu kingine. Akanijibu, bila ubaya wowote, "Wewe Mungu alikupa machozi. Yatumie."

Usiku huo nilifika nyumbani, nikachomeka flashi ya rafiki yangu, na ndani yake kulikuwa na Audra McDonald akiwa Billie Holiday. Ilikuwa rekodi ya Lady Day at Emerson's Bar & Grill, tamthilia ya Lanie Robertson ambayo McDonald aliigiza Broadway mwaka 2014, na HBO wakaionyesha 2016. Mwimbaji maarufu mweusi, miezi minne kabla ya kufa, anaimba kwenye baa moja Philadelphia huku akizidi kulewa. Nikajiambia, haya, mwenzangu huyu. Anafanya kazi yangu, ni vile tu analipwa vizuri.

Nilikosea, ila si kabisa. Na hiyo "si kabisa" ndiyo imenifanya niandike haya.

Huenda unamjua McDonald bila kujua unamjua. Kwenye Beauty and the Beast ya 2017, lile kabati linaloimba opera ni yeye. Kama dada yako alikuwa akifuatilia Private Practice, Daktari Naomi ni yeye. Kwenye Respect ndiye mamake Aretha Franklin. Lakini kwake skrini ni kama kibarua cha kando. Kazi yenyewe iko kwenye kumbi za Broadway, New York, maonyesho manane kwa wiki, na huko hakuna mwigizaji aliyewahi kushinda tuzo nyingi za Tony kumpita. Anazo sita. Tena ndiye pekee aliyeshinda katika vitengo vyote vinne vya uigizaji: mhusika mkuu na mhusika msaidizi, katika tamthilia ya kawaida na katika tamthilia ya muziki. Aliposhinda ya sita mwaka 2014 aliwapita Angela Lansbury na Julie Harris, waliokuwa na tano tano za uigizaji.

Alizaliwa 1970 Berlin Magharibi, babake akiwa jeshini, akakulia Fresno. Fresno iko California lakini usiwaze Hollywood. Ni mji wa bara, umezungukwa na mashamba. Alikuwa mtoto asiyetulia. Madaktari wakashauri apewe dawa. Wazazi wake, wote watu wa elimu, wakaamua kumpeleka kwenye ukumbi wa michezo wa mtaani kwao, ule wa watu kula chakula cha jioni huku wakitazama onyesho. Alipopokea tuzo ya sita aliwashukuru kwa jambo hilohilo, kwamba hawakusikiliza ushauri ule, walitafuta kwanza mtoto anapenda nini.

Halafu akaingia Juilliard, na hapa hadithi inakuwa nzito. Alitaka Broadway, shule ikamfundisha opera. Ana soprano kubwa, safi, ile sauti ambayo mwalimu wa muziki akiisikia hawezi kuiacha iende zake. Akajikuta anafundishwa kuwa mtu ambaye hakutaka kuwa. Akiwa mwanafunzi huko alijaribu kujitoa uhai. Amelisema mwenyewe hadharani, zaidi ya mara moja, na huwa analisema kwa vijana. Alipumzika, akatibiwa, akarudi, akamaliza 1993. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, alikuwa na Tony ya kwanza mkononi. Kwenye odisheni ya mchezo huo alizirai. Nilipoisoma hiyo nilimpenda papo hapo, maana mimi nimewahi kutapika kwenye odisheni na hawakunichukua.

Sasa tuziangalie hizo tuzo moja moja, kwa sababu ndizo zilizonikosesha usingizi.

Ya kwanza ni ya Carousel, mwaka 1994. Carrie Pipperidge ni msichana wa kiwandani, Maine, miaka ya 1870, anayeota kuolewa na mvuvi mmoja anayenuka samaki. Ni mhusika wa kuchekesha, na tangu 1945 alikuwa amezoeleka kuchezwa na mwanamke mzungu. Tafuta albamu yao. McDonald anaimba kuhusu ile harufu ya samaki kwa furaha ya mtu aliyepewa zawadi, na hakuna mahali anapokuomba umhurumie. Ya pili ni ya Master Class, 1996. Humo ni Sharon, mwanafunzi anayeimba mbele ya Maria Callas, anadhalilishwa, anatoka mbio kwenda kutapika, anarudi, anaimba Verdi, halafu anamjibu Callas usoni. Tamthilia hiyo inafanyika wapi? Juilliard. Ati alirudi kwenye shule iliyokaribia kummaliza, safari hii akiwa analipwa, na akatoka na tuzo. Sijui kama kuna kisasi kitamu kushinda hicho.

Baada ya hapo mambo yanabadilika. Ragtime, 1998: Sarah, mfuaji nguo, anamfukia mtoto wake mchanga bustanini akiwa hai, mtoto anaokolewa, kisha Sarah mwenyewe anapigwa hadi kufa akijaribu kumfikia mwanasiasa amwombe haki. Kabla ya mapumziko ameshakufa. A Raisin in the Sun, 2004: Ruth Younger, mke aliyechoka, mjamzito, anawaza kuitoa mimba kwa sababu chumba hakitoshi wala pesa. Porgy and Bess, 2012: Bess, cocaine na mwanamume anayempiga. Lady Day, 2014: Billie, heroini na pombe.

Nne mfululizo. Mwanamke mweusi anateseka, tuzo inakuja. Na mwaka 2007, alipoigiza Lizzie kwenye 110 in the Shade, binti wa mfugaji huko Texas anayeogopa kubaki bila mume na mwishowe anapendwa na wanaume wawili kwa mkupuo, aliteuliwa tu. Nijikosoe kidogo: Marie Christine na Suzanne wa Ohio State Murders wameumia vilevile, na hao hawakumpa kitu. Kwa hiyo si kanuni. Lakini mimi nimesimama kwenye mabwalo ya kutosha kujua kinachotokea mwanamke akilia mbele ya watu. Watu wanajisikia wema. Wanatoka wakiwa wepesi, kana kwamba wamemsaidia mtu. Yule mwelekezi wangu ananiambia nitumie machozi kwa sababu anajua hayo, na sidhani wapiga kura wa Tony ni watu tofauti sana na wanafunzi wa Machakos.

Nilikuwa nimeshaiandika insha hii kichwani ikiishia hapo, kwa hasira, kabla sijaitazama Lady Day mara ya pili.

Kuna mahali Billie anasimulia alivyokuwa kwenye ziara Kusini mwa Marekani na bendi ya wazungu. Anataka kwenda haja. Mwanamke anayesimamia mkahawa anamwambia hapa hakuna choo cha watu weusi. Billie anaomba, anakataliwa, anaomba tena, na mwishowe anajisaidia palepale, juu ya viatu vya yule mwanamke. Mwigizaji mwingine, mimi nikiwemo, angeifikisha hadithi hiyo kwenye machozi. Barabara iko wazi kabisa. McDonald anaifanya kuwa kichekesho. Anaigiza sauti ya yule mama, anabana magoti, anasubiri kicheko cha watu kama mchekeshaji mzoefu, na watu wanacheka kweli. Anacheka nao. Halafu anaendelea kucheka sekunde chache baada ya wao kunyamaza. Basi. Hakuna kingine. Nilirudisha nyuma mara nne nione ameanza wapi kuumia na sikuona.

Na ile sauti. Billie Holiday alikuwa na sauti ndogo, nyembamba, yenye mikwaruzo, na alichelewa kuingia kwenye mdundo kimakusudi, kama mtu anayefika arusini watu wameshakula. McDonald ana koo la opera. Sikiliza Carousel halafu Lady Day, tofauti ya miaka ishirini, na uniambie kama ungeamini ni mtu mmoja. Anapeleka sauti puani, anaacha pumzi iishe kabla neno halijaisha, analiangusha. Fikiria mtu aliyefundishwa miaka kuifungua sauti hadi kiti cha mwisho cha ukumbi, sasa kazi yake usiku kucha ni kuifunga. Ile soprano iko ndani tu, mlango umefungwa, na mimi nikitazama nilihisi uzito wa mtu anayeushikilia huo mlango. Kuiga sauti ya marehemu ni rahisi, hata YouTube imejaa waigaji. Yeye alikuwa na kitu kikubwa cha kuonyesha na hakukionyesha.

Karibu na mwisho anatoka jukwaani, na anaporudi glavu moja ndefu imeteremka. Alama za sindano zinaonekana mkononi. Hasemi chochote juu yake. Anapapasa tu kama mtu aliyesahau amevaa nini. Pale ndipo nililia, mimi. Yeye alikuwa anatafuta maikrofoni.

Nikaanza kurudi nyuma kuangalia mikono. Toleo la runinga la A Raisin in the Sun lilitoka 2008, na wengi wa waigizaji wa Broadway walirudi, pamoja na Phylicia Rashad kama mama mkwe, na Sean Combs (ndiyo, yule unayemfikiria) kama Walter, mumewe Ruth. Combs anasukuma kila neno. McDonald anapika mayai. Nimesema hivyo si kwa mzaha: kuna mazungumzo marefu ya ndoa inayokufa pale mezani, na yeye macho yake yako kwa mayai, na unajua kila kitu.

Kwenye tamthilia ya Lorraine Hansberry, ile iliyoandikwa, kuna tukio ambalo kila Mkenya anayelisoma husimama kidogo. Beneatha, dadake Walter, amevaa vazi la Nigeria na anacheza ngoma anayoiwazia kuwa ya Afrika. Walter anaingia amelewa, anapanda juu ya meza, anajiona chifu wa mashujaa, na analitaja jina la Kenyatta. Mchezo ulifunguliwa Broadway Machi 1959. Kenyatta mwenyewe wakati huo alikuwa kifungoni Lokitaung, huko Turkana, na kwenye jukwaa la New York mlevi mmoja wa Chicago anamwita mtu wake. Huwa tunalipenda sana tukio hili, tunapigia makofi jina letu. Nimelisoma mara nyingi na ni baada ya McDonald tu nilipouliza: Ruth anafanya nini wakati huo? Hansberry ameandika. Anapiga pasi. Tukio linafunguka Ruth akipiga pasi, na wakati mumewe anaikomboa Afrika juu ya meza, nguo zinamsubiri, na aibu yote ya hapo chumbani ni yake kuibeba.

Hata mwaka huo wa 1959 una kitu. Ruth alizaliwa jukwaani Machi 1959, na wa kwanza kumcheza alikuwa Ruby Dee, ambaye McDonald alimtaja kwa shukrani alipopokea tuzo ya sita. Ruby Dee alifariki siku chache tu baadaye. Baa ya Billie nayo, kwa mujibu wa tamthilia, ni Machi 1959. Na Mei mwaka huohuo Gypsy ilifunguliwa, Ethel Merman akiwa Rose. Mwezi mmoja wanawake wawili weusi wanachoka, mmoja jikoni na mwingine kwenye maikrofoni, na miezi miwili baadaye mama mzungu anapewa jukwaa zima apige kelele kwamba zamu yake imefika.

Kwa hiyo Desemba 2024, McDonald alipoingia Majestic kama Rose, mwanamke mweusi wa kwanza kumcheza Broadway, mimi nilikuwa na hisa zangu pale. Rose halii. Rose ana njaa. Anawasukuma mabinti zake jukwaani kwa miaka, anadanganya, anaiba vijiko, na mwishowe anabaki peke yake kwenye jukwaa tupu akijiwazia taa zake. Lansbury alishinda Tony kwa Rose. Tyne Daly alishinda. Patti LuPone alishinda. Kabla hata pazia halijafunguka watu walishaanza kubishana mtandaoni kama sauti ya McDonald inafaa, kwa sababu Merman aliimba kama tarumbeta na Rose amebaki tarumbeta tangu hapo. Soprano haifai, walisema.

Nilitazama klipu ya usiku wa Tony, Juni 2025, alipoimba ule wimbo wa mwisho wa Rose. Wale wabishi hawakukosea yote. Kuna mahali sauti inapanda mahali pa kanisani na Rose si mtu wa kanisani. Na ana tabia ambayo nimeiona pia kwenye rekodi ya Porgy and Bess, ya kuongeza mtetemo wakati wimbo ulikuwa tayari umeshasema. Si mara zote anaufunga ule mlango. Lakini kuna sekunde kadhaa hapo katikati ambapo anaitoa sauti ikiwa imechanika, mbaya kabisa, na uso wake hauombi chochote kwa mtu yeyote. Huyo ni mtu aliyemfukia mtoto, akapiga pasi, akateremsha glavu, miaka thelathini ya wanawake waliovumilia, na sasa hataki huruma yako. Anataka mwanga.

Hakushinda. Nicole Scherzinger alishinda kwa Sunset Blvd., na pengine alistahili, sijamwona. Gypsy ilifungwa Agosti. Nilijaribu kutoona maana kwenye hilo na sikuweza.

Kuhusu Bess lazima niseme neno moja. Kabla ya ule mchezo kufika Broadway, Stephen Sondheim aliandikia New York Times mwaka 2011 akiwakemea waandalizi, McDonald akiwemo, kwa kusema kwamba wahusika wa Porgy and Bess hawakukamilika na wanahitaji kujazwa. Sondheim ni mungu mdogo kule. Na alikuwa na haki ya kuitetea kazi aliyoiheshimu. Lakini aliyekuwa akienda kuvaa gauni la Bess mara nane kwa wiki ni McDonald, na mtu anayevaa gauni ndiye anajua linabana wapi. Nimemwambia mwelekezi wangu kitu kama hicho kuhusu Sara. Kwa heshima. Hakuandika gazetini, ila alinuna hadi Ijumaa.

Nilimtumia ile klipu ya Rose pia. Akajibu saa nne usiku: "Huyu mama anatisha. Alhamisi tuko Machakos, gari saa kumi na moja asubuhi, na wewe ni Sara."

Alhamisi nilikuwa Sara. Nilibeba shuka kutoka nyumbani, na kwenye lile tukio la kukohoa nikaanza kuikunja, pembe kwa pembe, huku nikiongea. Sikukatisha sauti. Kelele haikuisha. Kuna kijana mstari wa tatu aliendelea kumwambia mwenzake hadithi, na msichana mmoja akacheka, na nikahisi bwalo lote likinitoroka. Nikaendelea kukunja. Kikohozi kilipokuja nilikimeza, nikaangalia mlangoni kama Yona amesikia, nikakunja pembe ya mwisho. Walinyamaza, lakini walichelewa sana, na si wote.

Nilipotoka mwelekezi alikuwa kando, mikono kifuani. Akaniuliza machozi yameenda wapi. Nikamwambia tutaongea kwa gari.